Ndoo moja inatosha: mwongozo wa kuosha vyombo bila kupoteza maji, mkaa, gesi wala umeme

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zilizopata bomba la ndani na sinki zimeacha beseni. Vyombo vinaoshwa chini ya maji yanayotiririka, koki iko wazi tangu kikombe cha kwanza hadi sufuria ya mwisho. Ukienda kwenye nyumba ya kupanga, ambako maji yanakuja kwa mkokoteni na ndoo inalipiwa, utamkuta mama uani akiosha vyombo vya watu sita kwa ndoo moja ya lita 20, na vinatakata. Njia yake ndiyo sahihi, na hata mwenye bomba anapaswa kuirudia. Hapa chini naieleza hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake, maana mtu akijua sababu haachi njia kirahisi.

Pima bomba lako kwanza

Weka ndoo ya lita 10 chini ya koki ya jikoni. Fungua kama unavyofungua siku zote unapoosha vyombo, kisha tazama saa. Ikijaa kwa dakika moja na robo, bomba lako linatoa lita 8 kwa dakika. Vyombo vya chakula cha jioni huchukua kama robo saa, na lita 8 kwa dakika 15 ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Hakuna anayeweza kubeba madumu sita kutoka kisimani ili aoshe sahani sita na sufuria tatu. Kwa kuwa bomba linambebea, haoni uzito wake.

Mita ya maji inahesabu kwa mita za ujazo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Ukitumia lita 120 kila jioni, mwezi wa siku 30 unakula lita 3,600, uniti tatu na nusu na zaidi, kwa vyombo vya jioni peke yake. Kwa ndoo moja ya lita 20 kila jioni, mwezi mzima ni lita 600.

Na maji hayo yanatoka mbali. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam inasukumwa kutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Oktoba 2022 mto ulipopungua kwa ukame, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitangaza mgao, na hata nyumba zenye masinki ya kisasa zikarudi kwenye ndoo na madumu.

Tatizo hili halipo Dar peke yake. Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, kiliwapa watu kutoka nchi saba za Ulaya vyombo vya watu 12, kila mmoja avioshe kwa mikono kama alivyozoea kwao. Kwa wastani walitumia lita 103 za maji na uniti 2.5 za umeme. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha kuosha kwa mikono na kuosha kwa mashine. Waliona kuwa kuosha kwa beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, kunazalisha gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) kidogo kuliko hata mashine. Beseni la uani kwetu lina haki ya kuheshimiwa.

Anza mezani, kabla ya kugusa maji

Kazi kubwa ya kuokoa maji inafanyika vyombo vikiwa bado vikavu. Kwangua makombo yote kwa kijiko au kwa mkono: ya kuku yaende kwa kuku, ya mbwa yaende kwa mbwa, mifupa na maganda yaende kwenye taka. Usitumie maji kusukuma punje za wali kutoka kwenye sahani. Hiyo ni kazi ya kijiko.

Kisha mafuta. Sahani ya pilau, kikaango cha samaki, bakuli la mchuzi wa nazi: futa kwanza kwa karatasi ambayo ungeitupa, au kwa ganda la ndimu lililokwisha kukamuliwa. Ganda la ndimu lina faida mbili, linabeba mafuta na linaondoa shombo ya samaki. Mafuta yakiingia kwenye maji ya sabuni, sabuni yote inamalizwa na mafuta hayo, povu linakufa, nawe unalazimika kumwaga na kuanza upya. Kikaango kimoja chenye mafuta kinaweza kuharibu beseni zima. Mwenye sinki ana sababu nyingine: mafuta yakimwagwa kwenye bomba la maji machafu yanaganda, yanashika taka, na siku moja bomba linaziba.

Punguza pia idadi ya vyombo. Kila mtu awe na glasi yake au kikombe chake cha siku nzima. Watu wa pwani wanaokula pamoja kwenye sinia moja wanaosha chombo kimoja badala ya sahani sita, na hilo ni jambo la kudumisha.

Loweka, lakini si kila kitu kwa maji moto

Wengi wanadhani maji moto yanalainisha kila uchafu. Sivyo. Ugali, uji, maziwa na mayai viloweke kwa maji ya kawaida. Maji moto yanaendelea kupika wanga na protini zilizobaki, nazo zinang'ang'ania chombo zaidi. Maji moto yaachie mafuta.

Sufuria ya ugali usiijaze maji hadi juu. Ukoko unahitaji unyevu na muda tu. Mimina vikombe viwili, zungusha maji yaguse pande zote, funika kwa mfuniko wake, nenda kale. Ukirudi, ukoko unabanduka kwa mwiko. Wanaopikia mkaa wana njia nyingine isiyotumia maji kabisa: baada ya kupakua, rudisha sufuria juu ya makaa yanayozimika kwa dakika chache, ukoko ukauke na ujibandue wenyewe. Watoto wataugombania.

Wali ulioungua ni jambo tofauti: weka kikombe kimoja cha maji ndani, funika, na uiache sufuria juu ya jiko ulilokwisha kulizima. Joto lililobaki linatosha kulainisha. Kukwangua kwa nguvu na waya wa kusugulia kunachakaza alumini, na sufuria iliyochakaa ndani inashika chakula zaidi siku inayofuata, hivyo unajiongezea kazi na maji.

Vijiko na uma viloweke kwenye kikombe chenye maji na tone la sabuni wakati wengine wanamaliza kula.

Beseni tatu

Hapa ndipo penye moyo wa njia hii, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua beseni tatu ndogo. Kila moja weka lita 4 za maji. La kwanza ni la sabuni, la pili ni la kusuuza mara ya kwanza, la tatu ni la kusuuza mara ya mwisho. Mwenye sinki ya vyumba viwili aweke beseni la sabuni upande mmoja na mawili ya kusuuza upande wa pili, au la tatu aliweke juu ya meza. Koki ibaki imefungwa.

Kwa nini beseni mbili za kusuuza na si moja kubwa? Fanya hesabu. Vyombo vyote vya mlo mmoja, ukivitoa kwenye sabuni, vinabeba kama kikombe kimoja kidogo cha maji ya sabuni, tuseme mililita 200. Ukivisuuza kwenye beseni moja lenye lita 8, sabuni inabaki sehemu moja kati ya 41. Ukigawa lita 8 hizo hizo kwenye beseni mbili za lita 4, la kwanza linaipunguza hadi sehemu moja kati ya 21, na la pili linaipunguza tena kwa kiasi hicho hicho, inakuwa sehemu moja kati ya 441. Maji ni yale yale, lakini vyombo ni safi mara kumi zaidi. Ndiyo maana anayesuuza mara mbili kwa maji kidogo anamshinda anayesuuza mara moja kwa maji mengi.

Kukung'uta kunasaidia pia. Kabla ya kutoa sahani kutoka beseni moja kwenda jingine, iinamishe juu ya beseni lile itone kidogo. Kila tone linalorudi ni sabuni ambayo hutahitaji kuisuuza.

Mpangilio wa vyombo ni huu: glasi na vikombe kwanza, kisha vijiko na uma, sahani, mabakuli, na mwisho vyombo vya kupikia. Glasi haina mafuta, kwa hiyo inaacha maji yakiwa bado mazuri kwa sahani. Ukianza na sufuria, glasi zitatoka na ukungu wa mafuta hata usuuze vipi. Vyombo vya mtoto mchanga na vya mgonjwa vitangulie mbele ya vyote, vikiwa peke yake.

Sasa zamu ya sufuria. Usimwage maji ya kusuuza. Maji ya sabuni yamechafuka, hayo yaondoe. Beseni la pili, ambalo sasa lina sabuni kidogo na bado ni safi kiasi, linakuwa la kuoshea sufuria; ongeza tone la sabuni tu. Beseni la tatu linakuwa la kusuuzia sufuria mara ya kwanza. Kwa kusuuza mwisho, lita 3 za maji mapya, ukimimina kwa kopo, zinatosha sufuria zote.

Jumlisha: lita 12 za beseni tatu, lita 1 ya kuloweka, lita 3 za mwisho. Lita 16. Ndoo moja bado ina akiba ya lita 4, na hiyo inatosha vikombe vya chai ya asubuhi.

Ukiona maji ya sabuni yamekuwa mazito na povu limekwisha katikati ya kazi, badilisha. Kubana maji hakumaanishi kulisha watoto kwenye sahani yenye utelezi. Kama mafuta yalifutwa vizuri mezani, hilo litatokea mara chache.

Sabuni nyingi ni adui wa maji

Povu jingi linafurahisha macho, lakini kila povu lazima lisuuzwe. Usimimine sabuni ya maji moja kwa moja juu ya sahani. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli dogo, ongeza maji kikombe kimoja, uchovye dodoki au sponji humo na usugue. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo. Inateleza sana na inadai maji mengi kuiondoa.

Anayetumia kisima cha maji ya chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar na pwani, amekwisha kuona kwamba sabuni ya kipande haitoi povu na inaacha utando mweupe. Kuongeza sabuni hakusaidii. Tumia sabuni ya maji badala ya kipande, osha na usuuze mara ya kwanza kwa maji ya chumvi, na maji baridi (yasiyo na chumvi) yaliyonunuliwa yawe ya kusuuza mwisho tu. Hivyo dumu moja la maji baridi linahudumia vyombo vya siku kadhaa.

Joto: hapa ndipo nishati inapotea

Watu wanailaumu pampu inayopandisha maji kwenye simtank. Pampu ndogo ya wati 500 ikifanya kazi nusu saa inatumia robo ya uniti. Lakini kuchemsha ndoo moja ndogo ya lita 10, kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka, kunahitaji karibu uniti 0.9 za umeme. Kwa gesi, jiko likipeleka nusu ya joto lake ndani ya maji, ndoo hiyo inakula kama gramu 140. Ukiichemsha kila siku, kwa mwezi ni zaidi ya kilo 4, na mtungi mdogo una kilo 6. Kwa mkaa hasara ni kubwa zaidi, maana jiko la kawaida la mkaa linapoteza sehemu kubwa ya joto pembeni.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama unahitaji maji moto kabisa. Kwenye joto la Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, maji ya kawaida yanaosha karibu kila kitu endapo mafuta yalifutwa. Yanayohitaji joto ni vyombo vyenye mafuta yanayoganda, hasa ya ng'ombe na mbuzi, na kwa hayo kuna joto la bure ambalo nyumba nyingi zinaliacha lipotee.

La kwanza ni makaa yanayozimika. Chakula kikishaiva, usiache jiko lipoe peke yake. Weka juu yake sufuria yenye lita 3 za maji, funika. Mkimaliza kula, maji yamepata uvuguvugu wa kutosha. Jiko la umeme la sahani ya chuma nalo linabaki na moto dakika kadhaa baada ya kuzimwa.

La pili ni jua. Dumu lililopakwa rangi nyeusi, likajazwa maji asubuhi na kuwekwa juani mahali pasipo na upepo, lina maji ya moto wa kupendeza ifikapo alasiri. Mwenye simtank jeusi juu ya paa anajua kuwa maji ya bomba saa tisa mchana yanatoka yakiwa na joto bila hita yoyote. Basi vyombo vya mchana vyenye mafuta vioshwe saa hiyo, visisubiri usiku maji yakiwa yamepoa.

La tatu ni maji yaliyokwisha kupashwa kwa kazi nyingine. Maji ya tambi au ya viazi, yenye wanga, yanabeba mafuta vizuri. Yamimine yakiwa moto kwenye kikaango badala ya kuyamwaga. Maji ya kuoshea mchele hayana joto, lakini nayo ni mazuri kwa kusugulia sahani za mafuta mara ya kwanza.

Nyanda za juu ni habari nyingine. Njombe, Makete, Mbeya au Lushoto mwezi wa saba, maji ya asubuhi yanakata vidole, na kumwambia mtu aoshe vyombo kwa maji hayo ni kumwonea. Lakini hata huko usipashe ndoo nzima. Chemsha birika moja la lita 1.5, changanya na lita 3 za maji ya nyuzi 15, utapata beseni lenye nyuzi 40 na kidogo, joto linalovumilika mkononi na linaloyeyusha mafuta. Birika hilo linakula kama uniti 0.15. Maji moto yawe kwenye beseni la sabuni peke yake, kusuuza kufanyike kwa maji ya kawaida na kwa haraka. Birika lifunikwe, na usiweke maji zaidi ya utakayotumia.

Masizi, na sifa ya sufuria kung'aa

Kwa wanaopikia kuni: kabla ya kuinjika, paka nje ya sufuria majivu yaliyokorogwa na maji kidogo, au sabuni ya kipande iliyolowa. Masizi yatashika kwenye utando huo badala ya kushika chuma, na baadaye yanatoka kwa kupitishwa kitambaa na maji kidogo. Akina mama wengi vijijini wanaijua njia hii, mijini imesahaulika.

Majivu ya kuni pia ni dawa ya mafuta. Yana magadi ya asili, na yakikutana na mafuta yanayageuza kuwa aina ya sabuni. Chekecha, tumia laini tu, na hakikisha hapakuchomwa plastiki humo. Kwenye alumini yasikae muda mrefu maana yanaifanya iwe nyeusi. Sugua, kisha suuza papo hapo.

Nalisema hili kwa uzito: sufuria haihitaji kung'aa nje kila siku. Kwetu mwanamke amepimwa muda mrefu kwa weupe wa sufuria zake, na wasichana wengi wanatumia saa nzima na maji mengi kusugua upande ambao chakula hakiugusi. Ndani pawe safi kila siku. Nje patosheke na kuondolewa masizi yanayochafua mikono, na tabaka nene linalozuia joto kupita. Kung'arisha kusubiri mwisho wa wiki.

Kichanja kinafuta vyombo bila kitambaa

Vyombo vikishatoka kwenye maji ya mwisho, vianikwe. Mabwana na mabibi afya wamefundisha kichanja vijijini kwa miaka mingi, na wana sababu: jua na hewa vinakausha vyombo na kupunguza vimelea, wakati kitambaa kimoja chenye unyevu kinavisambaza kutoka chombo hiki hadi kile. Kichanja cha miti kiwe juu, mahali wasipofika kuku na mbuzi, kwenye jua la asubuhi. Mjini, rafu ya waya karibu na dirisha inafanya kazi ile ile. Glasi na sufuria ziinamishwe, zisipangwe moja ndani ya nyingine. Sponji na dodoki navyo vikamuliwe na vianikwe juani, usiviache ndani ya beseni. Chombo kilichorudi kabatini na unyevu kinanuka, na kinachonuka kitaoshwa tena kesho kabla ya kutumika. Hapo maji yameliwa mara mbili.

Wakati wa kipindupindu, au maji yako yakiwa ya shaka, ongeza hatua moja. Baada ya kusuuza, chovya vyombo kwenye beseni lenye dawa ya klorini: kijiko kimoja cha chai cha dawa ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, kwa kila lita 2 za maji. Acha dakika mbili, anika bila kufuta. Soma kibandiko, maana nguvu za dawa zinatofautiana. Usiichanganye kamwe na ndimu, siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani inatoa hewa ya sumu.

Zungumza na anayeosha

Mara nyingi anayeosha vyombo si yule anayenunua umeme wa LUKU wala anayepokea ankara ya maji. Ni binti wa kazi, ni mtoto aliyetoka shule, ni mdogo wa mume. Kumfokea "unamaliza maji" hakumfundishi kitu. Mwite, fanya naye zoezi la ndoo na saa, osha naye vyombo vya jioni moja kwa beseni tatu, kisha mwambie: "Dada, tujaribu hivi wiki hii, ukiona ni kazi nzito zaidi tutazungumza." Mpe beseni zinazotosha, sponji isiyochakaa, na mahali pa kuosha pasipomlazimu kuinama hadi mgongo umuume. Mtu aliyechoka mgongo atafungua koki amalize haraka, na ana haki. Watoto wa kiume nao waoshe, ili wajue uzito wa dumu.

Kwa mwenye mashine

Wenye mashine ya kuosha vyombo, wengi wao ughaibuni na wachache kwenye ghorofa za Nairobi na Dar, wana kanuni fupi. Ijaze kabisa kabla ya kuiwasha, kwa sababu inatumia karibu maji na umeme ule ule ikiwa na sahani tano au ishirini. Chagua programu ya kuokoa nishati, hata kama inachukua saa tatu: kwa mashine nyingi za kisasa inatumia maji kama lita 10 na umeme usiofika uniti moja. Usisuuze vyombo kwenye bomba kabla ya kuviingiza, vikwangue tu. Zima hatua ya kukausha, fungua mlango vikauke kwa hewa.

Maji yaliyotumika yaende wapi

Maji ya kusuuza, yale yaliyotumika hadi kwenye sufuria, bado yana kazi. Mwenye choo cha kumwagia maji ayaweke kwenye ndoo ya chooni, maana choo hakihitaji maji ya kunywa. Mgomba, mpapai na mwembe zinayapokea bila shida kama sabuni ilikuwa kidogo. Mimina kwenye shina, na ubadilishe mti kila siku ili chumvi ya sabuni isirundikane mahali pamoja. Mchicha, matembele na mboga nyingine za majani usizimwagilie nayo, wala vitu vinavyoliwa vibichi. Maji yenye klorini na yale yenye mafuta mengi hayafai bustani. Yaende kwenye shimo la maji machafu, yakipitia chujio ili makombo yabaki nje.

Yatumike siku hiyo hiyo. Maji machafu yakikaa usiku yananuka, na mbu wa nyumbani wanazaa humo. Ndoo na mapipa ya maji safi nayo yafunikwe, kwa kuwa mbu wa dengi, ugonjwa uliolisumbua jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anapenda maji masafi yaliyosimama karibu na watu. Beseni zikishamwagwa zisuuzwe kwa maji yaliyobaki kwenye kopo, ziinamishwe ukutani, na koki ikaguliwe kama inadondosha. Ikidondosha, weka kikombe chini yake usiku kucha. Asubuhi pima kilichojaa, kisha nunua mpira mpya wa koki. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi yeyote wa bomba atakifunga kwa muda mfupi.